Bendi za roki za Johannesburg zilizozimwa na sheria

Inapotajwa Johannesburg ya miaka ya 1980, wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki humkumbuka Brenda Fassie au Yvonne Chaka Chaka, ambao kanda zao zilipigwa kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala. Ni wachache wajuao kwamba katika jiji hilo hilo palikuwa na bendi za roki ambazo nyimbo zao hazikuvuka hata mipaka ya mtaa. Hazikukosa vipaji. Zilizimwa na sheria.

Bendi iliyolipa gharama kubwa zaidi ni National Wake, iliyoundwa mwaka 1979. Ndugu wawili kutoka Soweto, Gary na Punka Khoza, walikutana na Ivan Kadey, kijana wa Kizungu aliyesomea usanifu wa majengo. Gary alipiga gitaa la besi na Punka akapiga dramu. Baadaye alijiunga nao mpiga gitaa Steve Moni. Muziki wao ulichanganya roki kali ya vijana wa London, rege ya Jamaika na midundo ya vitongoji vya Waafrika.

Kosa nyumbani

Kwa utawala wa makaburu, kosa la vijana hao lilianza kabla hata ya kuimba. Waliishi pamoja katika nyumba moja mtaani Parktown, eneo la Wazungu, wakati Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 ilimpangia kila mtu mahali pa kukaa kwa rangi yake. Mwafrika aliyekutwa mjini bila kipande, hati ambayo wazee wa Kenya wanaikumbuka vyema tangu enzi za mkoloni, aliweza kukamatwa papo hapo. Polisi waliivamia nyumba hiyo mara kwa mara.

Ukumbi nao ulikuwa tatizo. Bendi ya watu mchanganyiko ilipopanda jukwaani mbele ya hadhira mchanganyiko, mwenye ukumbi alijitia matatani pamoja nayo, na wengi hawakuthubutu.

Mwaka 1981 National Wake ilitoa santuri yake ya kwanza, ambayo ndiyo ikawa ya mwisho. Mmoja wa nyimbo zake, International News, ulizungumzia habari zilizofichwa kuhusu machafuko ya vitongojini na vita vya Angola. Inakadiriwa kuwa ziliuzwa nakala zipatazo 700 tu kabla ya santuri hiyo kuondolewa sokoni kutokana na shinikizo la serikali. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika.

Redio na msumari

Bila redio, bendi changa haikuwa na njia ya kufika mbali, na redio ilikuwa mikononi mwa shirika la utangazaji la serikali, SABC. Shirika hilo liliwagawa hata wasikilizaji: Wazulu na idhaa yao, Wasotho na yao, Wazungu na zao. Wimbo uliochanganya lugha mbili haukuwa na kwao. Kundi la Juluka, la Johnny Clegg na Sipho Mchunu, lilikumbana na kikwazo hicho, ingawa lenyewe lilifanikiwa kupata jina duniani.

Nyimbo zilizopigwa marufuku hazikuachwa zikae salama katika maktaba ya shirika. Santuri zilikwaruzwa kwa kitu chenye ncha kali juu ya wimbo wenyewe, ili mtangazaji asiweze kuupiga hata akitaka. Udhibiti wa aina hiyo hauhitaji hoja wala barua, msumari unatosha.

Studio juu ya magurudumu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Lloyd Ross, akishirikiana na Kadey, alianzisha Shifty Records. Studio yao ilikuwa ndani ya karavani iliyokokotwa na gari. Jambo hilo lilikuwa na manufaa yake mwaka 1983. Nchini Lesotho kulikuwa na bendi iliyoongozwa na Frank Leepa, ambayo hapo awali ilijiita kwa neno la Kiswahili, Uhuru, na ambayo ilikuwa imezuiwa kuingia Afrika Kusini. Kwa kuwa wanamuziki hawakuweza kuifuata studio, studio iliwafuata Maseru. Matokeo yake ni santuri ya kwanza ya bendi hiyo, kwa jina jipya la Sankomota, ambayo hadi leo wengi huihesabu miongoni mwa kazi bora za kusini mwa Afrika.

Shifty pia ilimrekodi James Phillips, aliyezaliwa upande wa Springs, mashariki ya Johannesburg. Bendi yake, Cherry Faced Lurchers, ilipiga katika baa ya Jameson's, Barabara ya Commissioner, ambako weusi na weupe walikunywa na kucheza pamoja. Kwa jina la bandia la Bernoldus Niemand, Phillips aliimba kwa Kiafrikana akiwakejeli makamanda wa jeshi, wakati vijana wa Kizungu walilazimishwa kutumikia jeshi kwa miaka miwili.

Kejeli hiyo ilizaa ziara ya mwaka 1989 iliyoitwa Voëlvry. Wana wa makaburu wenyewe, akiwamo Johannes Kerkorrel, walizunguka nchi wakimcheka hadharani Rais P.W. Botha. Baadhi ya vyuo vikuu, kikiwamo Stellenbosch, viliwafungia milango. Ni vigumu kusema kama nyimbo zao ziliutikisa utawala, lakini ziliwatikisa wazazi wao mezani.

Phillips alifariki dunia mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote. Kerkorrel alifuata mwaka 2002, na Leepa mwaka 2003.

Nyimbo za National Wake ziliendelea kupitishwa kimyakimya kwa kanda zilizonakiliwa, mkono kwa mkono. Filamu ya Punk in Africa, ya Keith Jones na Deon Maas, iliirudishia bendi hiyo jina, na mwaka 2013 kampuni ya Light in the Attic ya Marekani ilitoa upya nyimbo zake chini ya jina Walk in Africa 1979-81. Kadey, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Marekani, aliweza kuishika nakala mkononi. Gary na Punka Khoza walikuwa wamekwisha kufariki dunia.