Mizani ya pamba na kazi ya kupima programu

Ukiwauliza watu programu ya kompyuta inapimwaje kabla ya kutumika, wengi watakujibu: aliyeitengeneza anaibonyezabonyeza, ikikubali basi, kazi imekwisha. Kumbe wakulima wa pamba wa Usukumani walishaiona kasoro ya jibu hilo zaidi ya miaka 70 iliyopita, wakati kompyuta ya kwanza ilikuwa bado haijafika nchini. Hiyo ilikuja kufungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Turudi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mkoa wa Simiyu haukuwepo (umeanzishwa 2012), na Bariadi ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa. Mkulima alipeleka pamba kituoni, ikawekwa kwenye mizani ya mnunuzi, karani wa mnunuzi akasoma ratili, na malipo yakafuata namba hiyo. Wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa. Lakini wathibitishe vipi? Mizani ya mnunuzi, karani wa mnunuzi, daftari la mnunuzi.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Wakulima, wakishirikiana na wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, Paul Bomani akiwemo, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Namba zikitofautiana, mkulima ana pa kuanzia kubisha. Harakati hizo zilizaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao mkubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions.

Sasa hii inahusianaje na programu? Mwaka 1979 Mmarekani Glenford Myers alitoa kitabu cha upimaji wa programu ambacho bado kinasomwa vyuoni. Moja ya kanuni zake: aliyeandika programu asiwe ndiye mpimaji wake. Si kwamba ni mwongo. Yeye anatamani ifanye kazi, kwa hiyo bila kujua anaipitisha njia ambazo anajua zitapita. Mpimaji mzuri anatafuta pale itakapokwama. Mkulima anayeogopa kupunjwa anaiangalia mizani kwa jicho ambalo karani hana.

Ila kuwa na mpimaji mwingine peke yake haitoshi, lazima ajue anapima nini. Anayekagua mizani huweka jiwe ambalo uzito wake unajulikana tayari. Kwenye programu ni hivyohivyo: andika jibu sahihi pembeni kabla ya kubonyeza chochote, maana ukilisubiri jibu la kompyuta, utaliamini tu. Kisha usiweke jiwe la kilo 20 peke yake. Weka dogo, weka zito mpaka mwisho wa uwezo wa mizani, weka na pembeni mwa sahani. Na fundi akiifungua mizani kuirekebisha, upimaji unaanza upya, hata kama amegusa skrubu moja.

Gharama ya kuruka hatua hizi tuliiona hapo jirani. Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, kura zilizoharibika zilionekana kwenye skrini za matokeo zikipita 300,000. Nchi ikaanza kubishana kama zihesabiwe katika kutafuta asilimia 50 ya mshindi. Baadaye tume ilieleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Idadi ya mwisho ilitangazwa kuwa 108,975. Hitilafu ya kuzidisha ni ya hila: ukijaribu kwa kura sifuri, sifuri mara nane ni sifuri, kila kitu kinaonekana shwari. Ni sawa na kuitazama mizani tupu inasoma sifuri ukasema ni nzima. Kinachoiumbua ni fomu moja ya kituo yenye kura, tuseme, 7, ilinganishwe na skrini inayosema 56.

Leo kwenye vyama vya msingi vya wakulima mizani ya kidijitali inaingia, na ndani yake kuna programu. Inapunguza ujanja wa kusoma mshale vibaya, hilo ni jema. Lakini mshale kila mtu aliuona ukicheza, wakati programu hakuna anayeiona. Kwa hiyo swali la miaka ya 1950 linarudi vilevile: mpimaji wa pili ni nani? Kwa mkulima wa Bariadi hilo ndilo ada ya mtoto na mbegu ya msimu ujao.

Wewe unayesoma kompyuta, ukimaliza kuandika programu yako, mpe mtu ambaye angeumia kama ingekosea. Mpe na majibu sahihi uliyoyaandika mapema. Akikuletea kosa usinune, huyo ndiye mpimaji wako. Na asipolipata usitangaze kwamba halipo, maana jiwe la kilo 50 likipimwa sawa, bado la kilo 80 hujaliweka.