Tunanunua Kitoto, Tunatupa Kobe

Wasee, leo tuongee kuhusu kobe. Si yule wa hadithi za shosho, mjanja anayemshinda sungura. Namaanisha yule kadogo wa kijani, mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, anayeogelea kwenye akwariamu ya mtu huku video ikiwekewa muziki mtamu. Anapendeza, siwezi kataa.

Lakini msimamo wangu nauweka mapema: huyu kobe huuzwa akiwa mtoto, kwa watu ambao hawaambiwi atakuwa mkubwa kiasi gani wala ataishi miaka mingapi. Hiyo biashara imezunguka dunia nzima ikiacha mtu mwingine alipe bili. Na sisi Wakenya tuna kila sababu ya kuisoma hiyo historia kabla ya kutoa doo mfukoni.

Kwao ni bonde la mto Mississippi, kusini mwa Marekani, hadi kaskazini mashariki mwa Mexico. Wanasayansi humwita Trachemys scripta elegans. Huko anakaa kwenye maji yanayokwenda polepole, anapanda juu ya gogo kuota jua, na ukimkaribia anateleza majini chap.

Katikati ya karne iliyopita, mashamba ya kobe huko Louisiana yalikuwa yanazalisha vitoto kwa wingi. Kakizaliwa, kanatoshana na sarafu ya shilingi 20, labda kubwa kidogo. Vilienda kwenye maduka ya bei rahisi, vikauzwa pamoja na kibakuli cha plastiki chenye kisiwa kidogo na mti wa plastiki katikati. Vingine vilipakwa rangi na michoro kwenye gamba, kana kwamba ni kikombe cha ukumbusho. Kibakuli hakikuwa na filta, hakikuwa na taa, hakikuwa na joto. Vingi vilikufa haraka. Na kwa kuwa bei ilikuwa ya chini, mzazi alirudi dukani kuchukua kengine.

Unajua nini kilisimamisha hiyo biashara? Si huruma. Ni watoto kuharisha. Kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote, na watoto walikuwa wanawashika, wengine wanawabusu, wengine wanawatia mdomoni kabisa. Mwaka wa 1975, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikapiga marufuku kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, yaani kama sentimita 10. Wazo lilikuwa rahisi: kobe wa ukubwa huo haingii mdomoni mwa mtoto. FDA inakadiria kwamba hatua hiyo ilizuia maambukizi 100,000 ya watoto kila mwaka.

Sasa hapa ndipo stori inakuwa noma. Hiyo sheria iliwaachia wenye mashamba mlango mmoja wazi: kuuza nje ya nchi. Kilichoonekana hatari kwa mtoto wa Marekani kikawa bidhaa halali kwa mtoto wa kwingine.

Halafu zikaja katuni. Mwaka wa 1984 Kevin Eastman na Peter Laird walitoa kitabu cha picha cha Teenage Mutant Ninja Turtles. 1987 ikawa katuni ya televisheni, 1990 ikawa filamu. Kobe wanne, ninja, wanakula piza. Mtoto gani angekataa? Sisemi katuni peke yake ndiyo ilisukuma biashara, lakini hesabu za miaka hiyo zinatisha: kati ya 1989 na 1997, Marekani iliuza nje zaidi ya kobe milioni 52 wa aina hii. Hao ni wengi kuliko Wakenya wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2019.

Kobe milioni 52 wakikua, wanaenda wapi? Wengi walikufa. Wengine walibebwa usiku kwenye ndoo na kumwagwa mtoni. Ulaya wakaanza kuwaona kwenye mabwawa ya bustani za mijini. Kule Ufaransa, watafiti waliwaweka kwenye bwawa moja na kobe wa maji wa Ulaya. Wageni walichukua sehemu nzuri za kuota jua, wenyeji wakapungua uzito na wengi wakafa. Kumbuka kobe hajipashi joto mwenyewe. Ukimnyima jua, hata chakula alichokula hakisagiki vizuri.

Umoja wa Ulaya ulizuia kuwaingiza mwaka wa 1997. Wafanyabiashara wakafanya nini? Wakahamia kwa ndugu yake wa karibu, mwenye tumbo la njano. Ikabidi 2016 Ulaya iweke spishi nzima kwenye orodha ya viumbe vamizi. Japani nayo ilizuia kuagiza, kuuza na kuachilia kobe hawa Juni 2023, lakini wenye nao nyumbani wakaruhusiwa kuendelea kuwafuga. Serikali ilijua ikisema watu wawatoe wote, mito ingejaa kobe wiki hiyo hiyo.

Najua kuna mtu anasema, sasa hayo ya Japani yananihusu nini mimi na keja yangu Rongai? Yanakuhusu kwa sababu sisi tumeshapitia hii filamu. Gugumaji ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri, urembo wa bwawa. Muulize mvuvi wa Kisumu kama bado anaona urembo. Kamba wekundu wa maji baridi, asili yao ikiwa huko huko Louisiana, waliletwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1970 kwa ajili ya biashara, na wakafyeka mimea ya majini. Na kama kobe huyu aliweza kuvumilia baridi ya Ulaya, huku kwetu kwenye jua la mwaka mzima atajiona amefika nyumbani.

Tena tuko na kobe wetu wa maji. Wako kwenye vidimbwi na mabwawa, na hawavuti shingo moja kwa moja ndani ya gamba, wanaikunja pembeni. Vijana wengi wa mtaani hawajawahi kusikia wapo. Ingekuwa aibu tuwajue siku ambayo mgeni amewamaliza.

Basi tupige hesabu ya keja. Jike la huyu kobe hufika sentimita 25 na zaidi, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 30. Ukimnunua ukiwa na 17, atakuwa nawe ukiwa na 47, umebadilisha nyumba mara kumi. Kanuni ya wafugaji wengi ni kama lita 15 za maji kwa kila sentimita ya gamba. Kobe wa sentimita 25 anataka lita 375, karibu mitungi 19 ya lita 20. Na hayo maji yabadilishwe mara kwa mara, kwenye ploti ambayo mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki. Ongeza filta ya nguvu, kifaa cha kupasha maji joto, sehemu kavu ya kupandia na taa ya miale ya UVB, kwa sababu bila hiyo miale gamba linalainika. Tokeni za stima unanunua wewe. Na kila ukimshika, unanawa mikono kwa sabuni.

Sisemi hakuna anayeweza. Wapo, na nawaheshimu. Kama wewe ni mmoja wao, anza kwa kuuliza KWS kuhusu kibali kabla hujalipa, kisha tafuta kobe mkubwa ambaye mwenyewe amemshindwa, badala ya kuagiza kitoto kipya. Na usimwachilie mtoni kamwe, hata ukiona unamfanyia wema.

Ila kwa muuzaji niko na ombi moja. Kando ya kile kitoto, weka mama yake, kwenye tangi la lita 375, na bei ya kumtunza miaka 30. Akibaki mtu anataka kununua baada ya hapo, huyo muuzie.