Kumsaidia mwanafunzi wa masomo ya intaneti anapolemewa

Likasi haiko mbali na mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, lakini usiku mwingi nyumba zetu ziko gizani. Umeme ukirudi saa nane usiku, kuna watu wanaoamka mara moja. Wanachomeka simu, wanapakua somo, wanajaribu kusoma kabla haujaondoka tena. Asubuhi wanakwenda kazini au sokoni. Jumapili tunawaona wakisinzia katika ibada, nasi tunadhani wamepoa kiroho.

Hao ni wanafunzi wa masomo ya intaneti. Tangu Machi 2020, serikali ilipofunga shule, vyuo na makanisa kwa sababu ya Korona, masomo ya namna hii yameingia katika nyumba nyingi za waamini. Wengine wanasoma theolojia, wengine ualimu, uuguzi au usimamizi wa fedha. Wengi wanaanza kwa furaha, kisha baadhi wanaacha bila kuaga mtu.

Katika ushirika wetu mama mmoja, mwalimu wa shule ya Jumapili, aliacha masomo yake mwaka wa kwanza. Tulikuja kujua baada ya miezi minne. Alipotuambia kwamba amechoka, tulimjibu, "Mama, omba, Mungu atakutia nguvu." Hatukumwuliza ana kurasa ngapi za kusoma, wala kama ana pesa ya mega za simu. Tunaandika haya ili kosa letu lisirudiwe kwenu.

Mzigo una uzito gani?

Tuhesabu kwanza. Katika mfumo wa LMD unaofuatwa na vyuo vya nchi yetu, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60. Tukihesabu krediti moja kuwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi, mwaka ni saa 1,500. Ukizigawa kwa majuma 40, kila juma linadai saa 37 na zaidi. Hiyo ni kazi ya mtu mzima ya kutwa. Mwanafunzi mwenye kibarua, watoto na huduma kanisani anabeba kazi mbili au tatu kwa mwili mmoja.

Juu ya hayo kuna lugha. Somo linakuja kwa Kifaransa au Kiingereza, naye anawaza na kuomba kwa Kiswahili. Kuna simu ndogo ambayo kurasa zake zinaumiza macho, na kuna vita. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, ndugu zetu wengi wa Kivu wamesoma wakiwa wakimbizi, au wameshindwa kusoma kabisa. Mtu wa namna hiyo akilemewa, tusiseme kwamba ni mvivu au imani yake imepungua.

Dalili za kuangalia

Mwanafunzi anayelemewa mara nyingi anaficha. Anajibu "tuko salama" lakini haelezi somo lolote. Anakosa mazoezi ya kwaya, anakasirika haraka nyumbani, analalamikia kichwa na usingizi. Katika kundi la WhatsApp la darasa anasoma ujumbe wa wenzake wala haandiki tena. Kazi moja ikichelewa, anaona haya kumwandikia mwalimu, na kwa haya hiyo kazi ya pili nayo inachelewa. Hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Masomo ya mbali yanahitaji watu wa karibu

Sisi wa Likasi tunaijua Mulungwishi, jirani yetu, ambako Wamethodisti wameandaa wachungaji kwa miaka mingi. Wanafunzi waliishi pale pamoja na jamaa zao. Aliyeshindwa kuelewa somo alibisha mlango wa mwenzake. Mwanafunzi wa intaneti hana mlango wa kubisha.

Lakini kusoma mbali na chuo si lazima kuwe kusoma peke yako. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri huko Guatemala iliona kwamba viongozi wa vijijini hawawezi kuacha mashamba na jamaa zao kwenda kukaa chuoni. Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler ni miongoni mwa walioanzisha njia nyingine: mtu asome nyumbani, aendelee na huduma yake, na kila juma akutane na mwalimu na wenzake katika kituo cha karibu. Njia hiyo ilienea katika makanisa mengi, hata ya Afrika.

Ted Ward, mwalimu wa Marekani, aliieleza kwa mfano wa uzio. Mbao mbili zinalala, moja juu, moja chini. Ya juu ni masomo anayosoma mtu, ya chini ni kazi anayofanya. Nguzo zinazozishika ni yale makutano. Kila mwenye lupango anajua kwamba mbao bila nguzo zinaanguka. Intaneti inatuletea ubao wa juu, na mwanafunzi anao tayari ubao wa chini. Nguzo inabaki kazi ya kanisa la mahali.

Mkushi wa Matendo 8 alikuwa na chuo cha Isaya mkononi, na alijua kusoma. Alichokosa ni mtu wa kupanda garini na kuketi karibu naye.

Kanisa lifanye nini?

Kwanza, tuwajue. Wazee waandike majina ya wote wanaosoma kwa intaneti, chuo chao, na siku ambazo kazi zinadaiwa.

Pili, tuwakutanishe mara moja kwa juma, kwa saa mbili. Hata kama masomo ni tofauti, kila mmoja aeleze kwa Kiswahili alichosoma. Asiyeweza kueleza ataona mahali asipoelewa. Kisha kila mmoja ataje kazi ya juma lijalo, na waombeane. Wawili wanatosha kuanza.

Tatu, tuwape mahali. Kama kanisa lina paneli ya jua au jenereta ya vyombo vya kwaya, taa moja na mahali pa kuchaji simu havitapunguza sifa za Mungu. Somo likipakuliwa mara moja katika simu moja, wengine walihamishe bila kununua mega tena. Maandishi na sauti vinakula mega chache kuliko video. Inafaa kumwomba mwalimu avitume hivyo.

Nne, tupunguze huduma zao. Mtu anayekaribia mitihani asipangiwe kuhubiri, kuongoza kesha na kupika kwenye semina katika juma moja. Yetro alipomwona Musa amelemewa, alimshauri agawe kazi.

Mwanafunzi mwenyewe afanye nini?

Agawe mzigo. Kurasa 120 zinatisha, lakini kwa majuma sita ni kurasa 20 kwa juma, yaani kurasa nne kwa siku tano. Siku mbili zinabaki kwa jamaa na ibada. Kama chuo kinaruhusu, achukue nusu ya krediti na kumaliza kwa muda mrefu zaidi.

Amwandikie mwalimu kabla ya siku kupita. Barua fupi inatosha: jina, namba ya mwanafunzi, somo, shida iliyotokea, na tarehe ambayo kazi itafika. Walimu wengi wanapokea ombi lililotangulia kuliko sababu zilizochelewa. Mchungaji anaweza kusaidia kuiandika.

Mzigo unapozidi

Kuna uchovu ambao ratiba haiuondoi. Mtu akikosa usingizi siku nyingi, akikataa chakula, au akisema afadhali afe, asiachwe peke yake. Mmoja akae naye, na apelekwe kwa daktari upesi. Tusikimbilie kusema ni pepo. Eliya alipoomba kufa jangwani, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Maneno ya Horebu yalikuja baadaye.

Na mtu akiamua kusimama mwaka mmoja, tusimhesabu kuwa ameshindwa. Tumfungulie njia ya kurudi.

Yule mama bado anafundisha watoto wetu. Mwaka huu ameandika tena jina lake chuoni, kwa nusu ya masomo. Jumamosi anakutana na wanafunzi wengine wawili katika chumba cha nyuma cha kanisa, nasi tumeketi pale pamoja nao. Swali letu la kwanza siku hizi ni, "Mama, juma hili una kurasa ngapi?" Halafu tunaomba.

Ndugu na dada, Jumapili ijayo, baada ya ibada, ulizeni nani kati yenu anasoma kwa intaneti. Mkono utakaoinuliwa huenda ni wa mtu mliyedhani amepoa. Bwana atusaidie kuchukuliana mizigo.