Waliobaki na Vitabu vya Zamani

Mwaka 1974, kampuni ndogo ya TSR huko Lake Geneva, Marekani, ilichapisha nakala 1,000 za Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Ni ngano ichezwayo mezani: mmoja husimulia, wenzake huwa wahusika, na dadu ndizo zinazoamua nani apone na nani aangamie. Lakini mchezo wa namna hii humpa taabu mfanyabiashara. Aliyenunua kitabu kimoja aweza kukichezea umri mzima. Mchapishaji asipotoa toleo jipya hana cha kuuza. Akilitoa, mshindani wake wa kwanza ni kitabu alichokiuza mwenyewe.

Kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, ilianza kwa ukarimu. Pamoja na toleo la tatu la mwaka 2000 ilitoa leseni iliyowaruhusu wengine kuzitumia kanuni zake na kuuza kazi zao. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu ndani yake, kwani kila kitabu cha jirani kilitarajiwa kuwavuta wanunuzi kwenye kitabu cha mwenye mchezo. Ila mlango ukishafunguliwa hupita wengi. Mwaka 2006 wapenzi wa toleo la kwanza waliitumia leseni hiyohiyo kuziandika upya kanuni za zamani kwa maneno yao wenyewe, wakaziita OSRIC, wakazigawa bure.

Toleo la nne lilikuja mwaka 2008 na leseni yenye masharti magumu zaidi. Aprili 2009, ikitoa sababu ya wizi wa nakala, kampuni ilisimamisha uuzaji wa vitabu vyake vya kielektroniki, vikiwamo vya zamani ambavyo havikuwa vikichapwa tena. Hata waliokwisha kulipa walizuiwa kuvipakua upya kwa wauzaji. Kumkomesha mwizi kwa kumfungia mteja mlango ni dawa ya ajabu. Agosti mwaka huohuo Paizo ikatoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya kanuni zilizotelekezwa, na wengi wakahamia huko.

Vitabu vya zamani vilirudi kuuzwa mwaka 2013. Miaka kumi baadaye, Januari 2023, rasimu iliyovuja ilifichua nia ya kuibatilisha leseni ya mwaka 2000. Wachezaji wakaja juu, na tarehe 27 mwezi huo kampuni ikasalimu amri: kanuni za msingi za toleo la tano zikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons, isiyoweza kufutwa.