Mshono wa Chombo: Kutoka Kamba ya Mtepe hadi Alumini Iliyochomelewa

Historia ya vyombo vya baharini katika upwa wa Afrika Mashariki kwa kawaida huandikwa kwa kufuata pepo na bidhaa: kaskazi ilileta nini, kusi ilichukua nini, na nani alitoza ushuru katikati. Mhadhara huu unafuata jambo dogo zaidi, nalo ni mahali ubao mmoja unapokutana na mwenzake. Kila chombo kilicho kikubwa kuliko mtumbwi wa gogo ni mkusanyiko wa vipande, na swali la kwanza la muundaji ni namna ya kuviunganisha ili bahari isiingie. Katika pwani hii swali hilo limejibiwa kwa njia tatu kuu: kushona, kupigilia misumari na kuchomelea. Kila jibu liliamua pia jambo ambalo wanahistoria hulipita haraka, yaani nani atakitengeneza chombo kitakapoharibika, na kazi hiyo ataifanyia wapi.

Ushahidi wa kushona ni wa kale. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unautaja mji wa soko ulioitwa Rhapta na kueleza kwamba jina hilo lilitokana na mashua zilizoshonwa. Mahali mji huo ulipokuwa pangali panabishaniwa. Habari ya mshono haibishaniwi. Wareno walipofika kisiwa cha Msumbiji mwaka 1498 walikuta vyombo vikubwa visivyo na msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba na matanga yake ni mikeka. Baina ya nyakati hizo mbili wasafiri walitofautiana juu ya ubora wa vyombo vya namna hiyo. Marco Polo, aliyeviona Hormuz mwishoni mwa karne ya 13, alivishutumu kuwa vibovu na vya hatari. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, alisema kinyume: bahari ile ina miamba mingi, chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini cha kamba hunyumbuka. Yafaa kukumbuka kwamba Ibn Battuta alikuwa amekwisha kusafiri sana ndani ya vyombo hivyo.

Katika pwani ya Waswahili chombo cha kushonwa kilichodumu kuliko vyote ni mtepe wa visiwa vya Lamu na wa Wabajuni. James Hornell aliuandikia makala mwaka 1941, A.H.J. Prins akaurejea katika kitabu chake juu ya mabaharia wa Lamu cha mwaka 1965, na Erik Gilbert alionyesha mwaka 1998 jinsi biashara ya ndani ya pwani, hasa ya boriti za mikoko, ilivyouweka hai hadi karne ya 20. Mtepe ulikuwa na mlingoti mmoja na tanga la mraba lililosukwa kwa miyaa. Omo yake ilikuwa ndefu, yenye umbo la kichwa na macho yaliyochorwa, na wako waliosema kwamba kichwa hicho ni cha ngamia wa Mtume.

Namna ulivyoundwa ndiyo inayohusu zaidi hapa. Mafundi hawakuanza na mataruma kisha wakayavisha mbao. Walianza na mkuku, wakapandisha mbao moja juu ya nyingine mpaka ganda lote likasimama, na mataruma yakaingizwa baadaye na kufungwa kwa kamba vilevile. Kingo za mbao zilishikizwa kwanza kwa vijiti vya mti. Kisha fundi alitoboa matundu kwa keke, tundu likitazamana na tundu pande zote mbili za kiungo, akalaza juu ya kiungo bumba la usumba, akapitisha kamba na kuivuta kwa nguvu hadi usumba ukabanwa katika ufa. Kila tundu lilizibwa kwa kijiti na nyuzi. Usumba wenyewe ulikuwa ni zao la pwani hiyohiyo: makumbi ya nazi yaliyolowekwa, yakapondwa na kusokotwa.

Chombo hiki kilivuja, na mafundi walijua kwamba kingevuja. Kuteka maji katika ngama ilikuwa sehemu ya kazi ya baharia kama ilivyokuwa kupandisha tanga. Kamba nazo huchakaa na kuoza, hivyo mtepe ulipaswa kufunguliwa na kushonwa upya kila baada ya muda, juu ya mchanga, bahari ikiwa mbaya na safari zimesimama. Hapa ndipo maelezo ya wageni wengi yanapokosea. Waliuona mshono kuwa upungufu wa watu wasio na chuma. Kwa hakika ulikuwa ni mpango wa matengenezo uliowekwa ndani ya muundo tangu siku ya kwanza: kiungo chochote kingeweza kufunguliwa bila kuuharibu ubao, na vifaa vya kukirudisha vilikuwa vinaning'inia mnazini.

Gharama ya mpango huo ilikuwa ni mikono mingi. Misumari ya chuma, ambayo matumizi yake katika uundaji wa vyombo yalienea taratibu katika Bahari ya Hindi ya magharibi baada ya kuja kwa Wareno, iliipunguza mikono hiyo. Katika jahazi taruma ndilo linaloshika ubao, na ufa kati ya mbao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyolowa mafuta na kushindiliwa kwa patasi. Chini ya maji hupakwa deheni ya chokaa na shahamu ili kumzuia mdudu atobowaye mbao. Juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haisahauliki. Misumari, kalafati na deheni yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, ilhali kushona, kamba na mtepe si ya kuazima, na msamiati huo ni hati ya historia kwa namna yake. Lakini jahazi nalo lilibaki katika mikono ya pwani. Matondoni kule Lamu na Nungwi kule Unguja mafundi wameendelea kuliunda kwa tezo na jicho bila mchoro wa karatasi, na kulitengeneza kwa kulisubiri lipwelewe maji yakitoka.

Upotevu wa ujuzi wa kushona ulikuja kimyakimya. Oman ilipounda jahazi la kushona liitwalo Sohar, lililoondoka mwaka 1980 kwenda China chini ya Tim Severin, ilibidi mafundi waletwe kutoka visiwa vya Lakshadweep nchini India. Zanzibar ilijengewa mtepe wa mfano, ulioitwa Shungwaya, mwaka 2003, ukawekwa Beit al-Ajaib; jumba lenyewe lilianguka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Mfano ndani ya jumba huhifadhi umbo. Kazi ya kuushona upya baada ya misimu ya bahari haiwezi kuhifadhiwa kwa njia hiyo.

Jibu la tatu lilitoka mbali. Alumini ilipatikana kwa bei nafuu baada ya mwaka 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja peke yake, njia ya kuitenga kwa umeme. Uzito wake ni kama theluthi ya uzito wa chuma cha pua, na waundaji wa meli waliikimbilia. Matokeo yalikuwa mabaya. Mashua ya kivita iliyoundwa na Yarrow kwa ajili ya Ufaransa mwaka 1894 ililiwa na chumvi upesi. Defender, iliyoshinda Kombe la Amerika mwaka 1895, ilikuwa na mbao za shaba nyeusi chini ya maji, alumini juu yake na mataruma ya chuma. Ndani ya maji ya chumvi mchanganyiko huo ulifanya kazi kama betri, na mwaka 1901 chombo kilivunjwa. Watu wa pwani waliijua alumini kwa njia nyingine kabisa, yaani kwa sufuria, ambazo mafundi wa mitaani huzimimina kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya injini. Alumini hiyo ina shaba na chuma ndani yake, na haifai kuundia chombo cha bahari.

Mambo mawili yaliigeuza hali. La kwanza ni aloi zenye magnesiamu, ambazo maarufu kati yake, ya namba 5083, ina magnesiamu kiasi cha asilimia 4 hadi 4.9 na huvumilia maji ya chumvi hata bila rangi. La pili ni njia ya kuchomelea chini ya kinga ya gesi. Russell Meredith aliikamilisha ya kwanza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ndege, na mwaka 1948 ikafuata ile ya waya unaojilisha wenyewe. Mafundi wa Tanzania husema kuchomelea. Vitabu hutumia kulehemu, kutoka mzizi wa Kiarabu uleule unaozaa neno la nyama, kana kwamba vyuma viwili vimeota mwili mmoja.

Kuota huko kuna masharti. Juu ya alumini kuna utando wa oksidi unaoyeyuka katika joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, wakati metali iliyo chini yake huyeyuka kwenye nyuzi 660. Utando usiposuguliwa kwa brashi safi, fundi huyeyusha cha chini huku cha juu kikikataa. Upepo ukiipeperusha gesi ya agoni, mshono huharibika. Unyevu ukiingia, mshono hujaa vitundu kama mkate. Kwa hiyo kazi hutakiwa kufanyika ndani ya banda lililofungwa, hewa ikiwa kavu. Upepo na unyevu ni vitu viwili ambavyo ufuko wa Uswahilini haujawahi kuvikosa, na mtepe ulishonwa katikati yake. Aidha joto la kuchomelea hulegeza metali kando ya kiungo, kiasi kwamba aloi nyingine, kama ile ya 6061 iliyoimarishwa kwa joto, hupoteza karibu nusu ya nguvu zake hapo. Muundaji mzuri huweka mishono mbali na mahali chombo kinapopindwa sana na mawimbi.

Mji uliobobea katika kazi hii ni Hobart, Tasmania, na sababu yake ni ajali. Tarehe 5 Januari 1975 meli Lake Illawarra iligonga daraja la Tasman, sehemu ya daraja ikaanguka, watu 12 wakafa na mji ukagawanyika. Robert Clifford alikuwa na feri pale, na mahitaji ya kuvusha watu yakazaa kiwanda cha Incat, kilichofanya meli za alumini zenye miili miwili zijulikane duniani. Katika mji huohuo Richardson Devine Marine ndiko zilikojengwa, kwa michoro ya Incat Crowther, boti za Kilimanjaro za kampuni ya Azam Marine ambazo tangu miaka ya 2010 zimevusha abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Aliyewahi kulala njiani ndani ya jahazi lililokosa upepo hawezi kuudharau mwendo huo.

Utunzaji wake, hata hivyo, umeyageuza mazoea ya pwani juu chini. Alumini haili mdudu, haihitaji kalafati wala sifa. Adui zake ni vitu ambavyo baharia wa jahazi hakuwa na sababu ya kuviogopa. Kipande cha waya wa shaba kilichoangukia katika ngama yenye maji ya chumvi huweza kutoboa sakafu. Rangi ya shaba inayozuia viumbe kugandia chini ya chombo, iliyo ya kawaida kwa vyombo vya mbao, ni sumu kwake. Gunia lenye maji likiachwa limeegemea ukuta huficha vishimo vya kutu nyeupe. Vipande vya zinki hufungwa chini ili viliwe badala ya chombo, na asiyevibadilisha kwa wakati hukitoa chombo chenyewe. Tena alumini huchoka: haina kiwango cha mkazo ambacho chini yake haitapasuka kamwe, na mawimbi ya mkondo wa Zanzibar hayahesabu siku.

Ufa ukionekana, mara nyingi kando ya mshono, fundi hutoboa kitundu kwenye ncha yake ili usiendelee, husaga ufa wote mpaka metali safi, kisha huchomelea upya, na mkaguzi huthibitisha. Keke ya umeme hufanya hapo kazi ambayo keke ya mti iliifanya Faza na Siyu. Tofauti ni kwamba waya, gesi, banda na cheti cha mchomeleaji havipatikani mnazini, na miongozo ya matengenezo huandikwa kwa Kiingereza. Mkuku, taruma, omo, tezi na ngama vimo vyote ndani ya boti ya alumini, kila kimoja kikiwa na jina lake la Kiswahili la zamani. Kwa ukanda dhaifu ulio kando ya mshono, ambao ndio mwanafunzi wa ufundi anapaswa kuutazama kwanza, Kiswahili bado hakina neno moja lililokubalika.