Meli Ina Jina, Askari Hana

Ndugu msomaji, fika Kigoma uulize habari za Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Utatajiwa Liemba. Wazee wa Ujiji wataitaja, vijana wa Kibirizi wataitaja, hata wageni wenye kamera shingoni wanaijua. Na kweli, historia yake ni tamu. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Februari 1915 ikashushwa ziwani kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi isije ikaliwa na kutu! Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba.

Waingereza nao walikuwa wameleta boti mbili, Mimi na Toutou, zilizoburutwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka boti ya Kijerumani, Kingani, ikabatizwa Fifi. Umeona mambo hayo? Boti tu, lakini ina jina, tena mawili.

Sasa hebu tuulizane: yule kijana aliyekufa aliitwa nani?

Nasema yule mwenzetu aliyepewa bunduki, au aliyetwishwa risasi na unga wa jeshi kichwani. Ugomvi haukuwa wake. Mjerumani alichukua vijana, Mbelgiji akachukua wa kwake, Mwingereza vilevile. Upande wa Waingereza peke yake, inakadiriwa wapagazi wapatao 95,000 walikufa. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps, midomo yetu ikalifanya Kariakoo. Leo tunakwenda pale Dar kununua viatu. Jina la jeshi limebaki sokoni, majina ya watu yamepotea.

Mwaka 1927, mwaka uleule Liemba iliporudi kazini, Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam. Maneno yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, yanamwahidi anayekufa kwa ajili ya nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri bwana! Lakini izunguke sanamu hiyo upande hadi upande, hutakuta jina la marehemu hata mmoja. Watoto wake watakumbuka nini? Ilibidi tungoje hadi Aprili 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Sawa, tumesikia. Ila radhi haimrudishii mtu jina lake.

Mtasema hayo ni ya wakoloni. Basi njooni karibu zaidi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Vijana wetu waliokufa katika vita hivyo wana makaburi Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa. Lakini siku hizi ukisema "Mashujaa" pale Lake Tanganyika, vijana wa Kigoma watakuuliza timu imeshinda ngapi. Si kosa, mpira ni mpira. Ila wangapi kati yetu tunaweza kumtaja shujaa mmoja tu wa mtaani kwetu, Mwanga au Gungu, aliyekwenda na asirudi?

Huyo bado hajapotea. Yuko dada yake, yuko rafiki aliyevua naye dagaa, huenda yuko mama yake mzazi. Wanajua alikuwa mcheshi au mkimya, alimwacha mchumba gani, barua yake ya mwisho ilisema nini. Wakifariki hao, naye atakuwa kama yule wa 1916.

Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunapenda kutunga mashujaa wa kubuni. Vizuri. Lakini Jumamosi hii, kabla hujaanza hadithi nyingine, chukua daftari, kamwamkie bibi wa jirani, umwulize: "Bibi, yule aliyekwenda vitani alikuwa anaitwa nani?" Halafu andika jina lake kamili.