Dawa za mafua
Dawa za mafua ni vidonge, dawa za maji na unga wa kukoroga zinazouzwa bila cheti cha daktari ili kutuliza dalili za mafua. Haziui virusi, ugonjwa huisha wenyewe, kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 10.

Pakiti moja mara nyingi huchanganya dawa kadhaa. Klofeniramini hukausha kamasi lakini huleta usingizi, hivyo ni hatari kwa dereva. Dekstromethofani hutuliza kikohozi kikavu. Sudoefedrini huzibua pua, ila huweza kupandisha shinikizo la damu. Fenilefrini ya kumeza ina sifa isiyoistahili: mwaka 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilikubaliana kwamba haizibui pua.

Kiambato cha kuchungwa zaidi ni parasetamoli, ambayo Marekani huitwa asetaminofeni. Hushusha homa na maumivu, na kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Anayemeza Panadol, ambayo ni parasetamoli, pamoja na dawa ya mafua huenda anaimeza mara mbili bila kujua. Ikizidi huharibu ini, na mgonjwa anaweza kujiona mzima siku nzima ya kwanza. Asisubiri dalili, apelekwe hospitali mara moja, kwani asetilisisteini, dawa ya kuzuia madhara hayo, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Aspirini, dawa nyingine ya homa na maumivu, haifai kwa watoto walio chini ya miaka 16, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, unaodhuru ubongo na ini.